Mgonjwa Ambaye Ugonjwa Wake Hauonekani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya haya:

Katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha hapa Nakuru, mtaa wa Bondeni, tumeletewa suali na mmoja wa wasikilizaji wetu. Amesema: Mtu mwenye viungo vizima, atembeaye sokoni kwa miguu yake, akionekana anakunywa maji mchana wa Ramadhani, je, tumkataze hadharani ili wengine wapate funzo, au tumwite faragha?

Suali hili lataka jibu refu kuliko alivyotazamia muulizaji. Na sababu ya kulirefusha ni kwamba sisi wenyewe tulipata kulijibu zamani kidogo, tukalijibu vibaya, na aliyeumia kwa jibu letu angali hai.

Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa. Asili yake ni Mombasa. Baba yake alikuja Nakuru kutengeneza magari, akaleta ahli zake baadaye. Kijana mrefu, mwembamba, macho yake yana manjano kidogo. Wiki hii utamwona darsani safu ya mbele, wiki mbili zifuatazo hayuko, wala hakuna anayejua aliko. Akirejea hasemi kitu. Wenzake walimwita mvivu, na wengine wakasema ana mambo yake. Ramadhani moja akaonekana nyuma ya duka, saa ya adhuhuri, anakunywa maji. Khabari ikaletwa kwetu kabla ya Alasiri, nasi jioni ile tukasema maneno makali juu ya vijana wasio na haya mbele ya Mola wao. Hatukutaja jina. Lakini kila aliyekuwapo aligeuza shingo kumtazama, na tulijua kuwa watamtazama.

Hakuja tena. Baada ya Idi alikuja mama yake, amechukua mfuko wa plastiki umejaa karatasi za hospitali. Hakugomba. Aliamkia, akaketi, akauweka ule mfuko juu ya mkeka, akasema: "Shekhe, wewe wasoma Kiarabu, nami sikusoma kitu. Haya yameandikwa na madaktari tangu mwanangu ana miezi minane. Mtafute ajuaye akusomee."

Tulipokwenda kumzuru hospitali tulimkuta amelala kwa ubavu. Hana jeraha, hana bandeji, hana kikohozi. Ameuma ncha ya shuka kwa meno. Maumivu yalipompungukia alitwambia neno ambalo hatujalisahau: "Shekhe wangu, lau mguu wangu ungevunjika mungeniletea kiti. Kwa kuwa waumia ndani, mwaniambia nisimame."

Ugonjwa wake ni selimundu.

Twajua kuwa wengi katika wasomaji wetu walisikia jina hili na hawajui maana yake, ingawa ni ugonjwa wa kwetu khasa sisi watu wa pwani. Damu ya mwanadamu ina chembe nyekundu zilizo mviringo na laini, zipitazo katika mishipa iliyo myembamba kuliko unywele. Kazi yake ni kuchukua hewa safi kutoka mapafuni na kuigawa mwilini. Kwa mwenye selimundu, chembe hizo zikisha kuitoa hewa ile huwa ngumu na kupinda mfano wa mundu wa kuvunia mpunga. Zikikutana penye mshipa mwembamba hukwama, zikazuia njia, na nyama au mfupa ulio mbele ya kizuizi hicho ukakosa hewa. Hapo ndipo yatokapo maumivu, na waliopatwa nayo wayasimulia kama mifupa inayosagwa. Tena chembe hizo hazidumu. Chembe ya mtu mzima huishi kiasi cha siku 120, na hizi hufa baina ya siku 10 na 20, kwa hivyo damu huwa pungufu daima na macho huingia manjano. Mtoto huzaliwa mzima, kwani damu aliyokuwa nayo tumboni ni ya namna nyengine. Ikibadilika, kiasi cha miezi sita, ndipo viganja na nyayo zianzapo kumvimba.

Kwa nini tumesema ni ugonjwa wa kwetu? Khabari hii ina ajabu, na mlango wake umefunguliwa na mtu aliyelelewa karibu na hapa tulipo. Alikuwako Mzungu jina lake Anthony Allison, aliyekulia Gilgil, shambani kwa wazazi wake juu ya Bonde la Ufa. Alikwenda Uingereza kusomea utabibu, na katika mwaka 1949 akarejea Kenya pamoja na wanachuo wenzake wa Oxford, akapita nchi nzima akichukua damu za watu wa makabila mbali mbali. Akaona jambo. Pwani, na kando ya Ziwa Viktoria, waliochukua asili ya selimundu katika damu walipita ishirini katika kila mia katika baadhi ya makabila. Huku milimani hawakufika mmoja katika mia. Akajiuliza: pwani na ziwani kuna nini ambacho milimani hakuna? Kuna mbu wa malaria. Katika mwaka 1954 akaandika katika gazeti la madaktari wa Uingereza kuwa mtu aliyerithi asili hiyo kwa mzazi mmoja tu hana ugonjwa, bali damu yake yamkinga na ukali wa malaria. Kwa hivyo asili ile ikadumu na kuenea mahali penye malaria, vizazi kwa vizazi. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili, huyo ndiye mgonjwa.

Mwenye akili na atazame hapa hekima ya Mola. Kitu kimoja, kikija kwa upande mmoja ni ngao, kikija kwa pande mbili ni mtihani. Basi yuko wapi jini katika khabari hii? Liko wapi jicho la hasidi?

Twauliza hivyo kwa kuwa twayajua yanayofanywa majumbani. Mtoto akilia usiku na viganja vimemvimba, huambiwa ana pepo, au ametupiwa kitu na jirani. Huchukuliwa kwa mganga, akafungwa hirizi shingoni, akanyweshwa kombe, akachanjwa kwa wembe penye viungo vinavyouma; na mtoto huyu damu yake ni chache tangu hapo, na mwili wake hauna nguvu ya kupigana na vijidudu viingiavyo penye chale. Siku tatu nne zapita, na homa yapanda. Hatukatazi dua, wala kumsomea mgonjwa Qur'ani, kwani hiyo ni Sunna. Tunalolikataza ni kuifanya dua kuwa sababu ya kutokwenda kwa tabibu, na kuuza aya za Mungu kwa kuku mweusi na shilingi elfu tano. Mtume s.a.w. alipoulizwa na mabedui kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu, akawafahamisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi illa ameyawekea dawa, isipokuwa uzee.

Sasa tuje Nakuru. Mji huu, ulioitwa jiji tangu tarehe 1 Disemba 2021, uko juu ya bahari kiasi cha mita 1,850. Reli ilifika hapa mwaka 1900, na tangu zamani hizo watu wetu wa pwani wamekuwa wakija kwa kazi na biashara, nao wamekuja na damu zao. Mtoto wa selimundu aliyezoea joto la Mombasa akiletwa hapa mwezi wa Julai, alfajiri ambayo pumzi yatoka kama moshi, huingia katika mambo ambayo madaktari wayataja kuwa ndiyo yaamshayo maumivu: baridi, kiu, uchovu, na homa yoyote. Jamaa zake wa pwani wasema bara imemdhuru. Wamesema kweli kwa namna moja, ila si uchawi wa bara; ni baridi yake, na dawa ya baridi ni sweta na maji ya moto.

Kabla hatujaendelea tutaje kwa ufupi kuwa si kila maumivu ya mifupa hapa Nakuru ni selimundu. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floridi nyingi itokayo katika mawe ya volkeno, na Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Mwenye kuyanywa maji yaliyopita sana mpaka huo kwa miaka mingi, mifupa na viungo vyake hukakamaa. Watu huyatambua meno ya kahawia, na mgongo uumao hawautambui. Kuyachemsha maji hayo hakuiondoi floridi. Hilo lataka darsa yake peke yake.

Turejee kwa suali. Mgonjwa wa namna hii sharia imemwambia nini?

Ama saumu, Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185, amemruhusu mgonjwa kula na kuhisabu siku nyengine, wala hakusema mgonjwa ambaye watu wamemwona kuwa ni mgonjwa. Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Imamu Shafi wametaja kipimo, nacho ni kukhofia madhara, kwa ujuzi wa mtu juu ya mwili wake au kwa neno la tabibu muaminifu. Mwenye selimundu akikaa na kiu kutwa nzima damu yake huwa nzito, na chembe zile hupata njia ya kukwama. Wako wagonjwa ambao madaktari wao wamewaruhusu kufunga kwa masharti, na wako ambao saumu ya siku moja ni hospitali ya siku kumi. Hawa hawafanani, wala haifai kuwalazimisha wote kwa hali ya mmoja. Anayetarajia kuweza siku nyengine za mwaka atalipa. Asiyetarajia kuweza tena atatoa fidya, kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku kumpa maskini, wala hana deni baada yake. Na yule ambaye yakini yake ni kwamba saumu itamuangamiza, kisha akafunga kwa kuogopa macho ya watu, huyo amekosea, nasi tuliomtisha tuna fungu letu katika kosa lile.

Ama udhu, maji ya bomba ya alfajiri hapa ni kama barafu, na mwenye selimundu akitia miguu yake humo aweza kuamsha maumivu ya wiki nzima. Awashiwe moto, apashiwe maji. Asipopata njia ya kuyapasha, na akakhofia madhara, atatayamamu. Imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Jabir khabari ya mtu aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe safarini, kisha usiku akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hawamwonei ruhusa madhali maji yapo. Akaoga, akafa. Khabari ilipomfikia Mtume s.a.w. alighadhibika juu yao, akawahisabu kuwa wao ndio waliomuua, na akabainisha kuwa mjinga dawa yake ni kuuliza. Tazama, ndugu yangu, kuwa wale walikuwa watu wema, walitaka kuihifadhi dini. Kila tunapoisoma hadithi hii twakumbuka jioni ile ya darsa yetu.

Na ama sala, Imran bin Husain alikuwa na ugonjwa wa bawasiri, na ni nani awezaye kuuona ugonjwa huo juu ya mtu aliyevaa nguo zake? Alimuuliza Mtume s.a.w., naye akamruhusu asali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Hakumtaka shahidi. Imepokewa na Bukhari.

Itasemwa: Je, mlango huu ukifunguliwa, waongo hawataingia? Wataingia. Lakini mwongo hisabu yake iko kwa Mungu, na ni afadhali kwetu kuwaacha waongo kumi kuliko kumuumiza mkweli mmoja. Tena ni adabu kwa mwenye udhuru uliofichika kujistiri anapokula, asije akatia watu katika dhana mbaya, na yule kijana alijistiri. Alikuwa nyuma ya duka. Aliyemfuata huko nyuma ndiye aliyeiacha adabu. Basi jibu la muulizaji wetu ni hili: usimkataze hadharani. Na faragha pia usianze kwa kukataza, anza kwa kumuuliza hali.

Yako mambo ya ndoa ambayo hayasemwi, nasi tutayasema. Watu wengi wa pwani waoana na binamu zao, na hilo ni halali, hatuna neno. Lakini asili hii hupita katika ukoo mmoja kimya kimya, na watu wawili wazima kabisa, wasiojua kuwa wanayo, huoana. Kila mimba yao ina fungu moja katika manne la kuzaa mgonjwa. Wala si maana yake kuwa akizaliwa mgonjwa mmoja watatu wafuatao watasalimika; kila mimba ina hisabu yake mpya. Kipimo ni cha damu kidogo tu. Kwa nini posa hupelekwa na mahari hujadiliwa mwezi mzima, na kipimo hiki hakitajwi? Hatusemi kuwa wakionekana wote wawili wanayo ni haramu kuoana. Twasema waingie macho yao yakiona. Na anayejua kuwa anayo kisha akaficha, hiyo ni ghishi, nayo haifai katika kuuza ng'ombe sembuse katika nikahi.

Jambo lililotukera zaidi ni talaka. Tumeona mwanamke aliyezaa watoto wawili wa selimundu akarudishwa kwao, eti tumbo lake ni bovu. Ewe mume, mtoto hawi mgonjwa illa nusu ya ugonjwa imetoka kwako! Mama mkwe asemaye kuwa kwao hakukuwa na maradhi haya asema asilolijua, kwani huenda yeye mwenyewe ndiye aliyempa mwanawe.

Ama matibabu, wasidanganywe watu kuwa hakuna la kufanya. Watoto wadogo hupewa penisilini kila siku mpaka wafike miaka mitano kwa kuwakinga na maambukizo, na vidonge vya foliki, na chanjo, na kinga ya malaria. Tena iko dawa iitwayo haidroksiyurea, iliyoruhusiwa Marekani tangu mwaka 1998 kwa watu wazima wenye ugonjwa huu. Watu walikuwa na shaka kama itafaa Afrika penye malaria na upungufu wa chakula. Ikajaribiwa kwa watoto wa Luanda, Kinshasa, Mbale na Kilifi kwetu, na katika mwaka 2019 majibu yakatolewa: maumivu yalipungua, malaria ilipungua, na vifo vilipungua. Huyo mtoto wa Kilifi aliyemeza kidonge chake kila asubuhi ameufaa umma kuliko waganga mia. Lakini dawa hii yataka daktari wa kuipima damu mara kwa mara, haifai kununuliwa tu dukani.

Mzazi mwenye mtoto huyu na asingoje asubuhi akiona mojawapo ya haya: homa kali, kifua kuuma na pumzi kuwa fupi, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, au ulimi kuwa mzito, tumbo kuvimba upande wa kushoto penye bandama na midomo kuwa meupe. Haya ni ya kwenda hospitali saa ile ile. Na siku za kawaida, maji ya kunywa yawe karibu naye, na nguo za kumtosha, na mwalimu wa chuo aambiwe kuwa mtoto huyu akiomba kutoka kwenda haja au kunywa asikatazwe, wala asisimamishwe uani kwa adhabu asubuhi ya baridi. Walimu wetu wa vyuo wengi hawalijui hili kwa kuwa wazazi wameona haya kuwaambia, na wazazi wameona haya kwa sababu ya ndimi zetu.

Wagonjwa hawa mara nyingine huhitaji kutiwa damu, na damu haitengenezwi kiwandani. Nakuru ina kituo cha damu cha mkoa, kama ilivyo Mombasa. Wanazuoni wengi wa zama zetu wamejuzisha kutoa damu kumpa mwenye dharura, bila ya kuiuza, maadamu mtoaji hadhuriki. Wako katika sisi walio tayari kupigwa sindano na mganga wa kuumika kila mwaka, damu ikamwagwa chini, na wakiambiwa watoe chupa moja kwa mtoto wa jirani husema wana khofu.

Yule kijana tulimuomba radhi, kwanza pale kitandani, kisha darsani mbele ya watu wale wale waliogeuza shingo, kwa kuwa kosa lilifanywa hadharani. Yeye mwenyewe ndiye aliyetupa ruhusa ya kuyaandika haya, kwa sharti jina lake lisitajwe. Siku hizi ana kiti chake karibu na mlango, ambapo aweza kutoka bila ya kuruka watu, na kando yake iko chupa ya maji. Wiki iliyopita mzee mmoja mgeni alimuuliza kwa nini kijana mzima akalia kiti. Kabla hajajibu, watoto watatu wa chuo walimjibu mzee yule kwa pamoja, mpaka ikatubidi tuwanyamazishe ili tuendelee na darsa.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, inshallah, baada ya sala ya Adhuhuri, tutakwenda pamoja kituo cha damu. Anayetaka kufuatana nasi na ale vizuri asubuhi, na anywe maji mengi.

Wabillahi tawfiq.